Kumfuata Nassor kwenye Mji wa Mapipa

Kutoka Mawaleh

Tangu nirudi simu yangu haitulii. Kila mmoja wenu anauliza kivyake, na kila nikieleza hasira zinapanda upya mpaka mtoto ananitazama usoni. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, muulizane wenyewe kwa wenyewe. Habari za viza na tiketi siziandiki. Walioziomba wanazijua, na wasioziomba wapumzike.

Mnachokijua tayari ni hiki. Mume wangu Nassor alikuwa fundi wa kupigilia farasi viatu kwenye zizi moja la hapa Maskati. Wakampeleka Hispania, mji unaoitwa Jerez, akaongeze ujuzi, maana huko farasi wanafundishwa mpaka kucheza ngoma. Aliniacha na mimba changa. Mafunzo yakaisha, yeye hakurudi. Raya akazaliwa, akakaza shingo, akakaa, akaanza kutambaa, na baba yake bado "anamalizia mambo madogo". Simu ya picha hataki, ati kamera imeharibika. Nikimuuliza habari, kheri. Afya, kheri. Unarudi lini, kheri inshallah. Mtu akikujibu kheri muda wote huo bila kuongeza neno la pili, ujue pana jambo.

Nikasema ni mwanamke. Na nyie nyote mlisema ni mwanamke, msikatae sasa.

Tunakaa hapa Mawaleh kwa mama mkwe wangu, Bi Thureya, mnamjua. Alikuwa sebuleni anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, mie namfuata huko huko. Nitarudi na mume au nitarudi na talaka. Vyenginevyo sirudi."

Nilijiweka tayari kugombezwa, maana ni mwanawe wa pekee. Akapepeta mchele wake, akaokota chuya moja, akaitupa pembeni.

"Kiti cha dirishani changu," akasema.

Istanbul, penye mashine ya kukagulia mizigo

Safari ya kwanza kwenye ndege ilikuwa ya kawaida, ukiacha kwamba Bi Thureya alizungumza na jirani yake Mturuki kutoka Maskati mpaka tulipotua, kwa Kiswahili, na Mturuki akawa anaitikia. Mie nilikuwa na mtoto anayeota jino. Miguu yangu haikukaa pahala pamoja. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Nassor, nayafuta, napanga mengine makali zaidi.

Istanbul tulikuwa tubadilishe ndege, na huko ndiko tulikokwama. Bi Thureya alikuwa kabeba halwa kwenye mkoba wa mkononi, kopo kubwa, ile nyeusi ya sukari guru aliyoifuata mwenyewe soko la Matrah. Mkaguzi akaitoa, akaibonyeza, akasema hii ni kama majimaji, haipiti. Nikamwambia mama, basi iache twende, muda umebana. Akanitazama kama nimemwambia amwache mtoto.

Akakaa kwenye benchi lililo kabla ya mashine, akafungua kopo, akaanza kuwagaia wapita njia. Wallahi nawaambia. Alimpa mwanamke aliyekuwa akipiga deki, akampa mzee mmoja wa Kiafghani na wajukuu wake, akampa mtawa wa Kifilipino aliyeniuliza kwa Kiingereza kama kuna karanga ndani. Watu wakasimama duara wanakula kwa vidole. Mkaguzi mwenyewe akaitwa, akakataa, akaitwa tena, akala. Mie nimesimama na mtoto begani, nalisikia tangazo la ndege yetu. Tulikimbia. Bi Thureya ana magoti mabovu, lakini siku hiyo alikimbia, na mkononi bado kashika kijiko.

Ndani ya ndege nikamwambia angetukosesha safari. Akanijibu halwa haitupwi, tena sisi popote tuendapo si watu wa mikono mitupu.

Madrid, chini ya miguu iliyoning'inia

Kutoka Madrid kwenda Jerez ni treni, na treni ilichelewa. Kwa nini ilichelewa sijui, ubao ulikuwa ukibadilisha saa tu. Nilikwenda huku nikarudi kule na kigari cha mtoto mpaka polisi mmoja akaniuliza kama nimepotea. Sikupotea. Siwezi kukaa, basi.

Mama akasema ana njaa. Tukaingia mkahawa wa pale stesheni, na juu ya kaunta pamening'inizwa miguu ya nyama iliyokaushwa, mingi, myeusi, inang'aa kwa mafuta. Bi Thureya akaifurahia. Akasema kumbe hawa nao ni watu, wanajua kukausha nyama, na huyu mbuzi ni wa kunona. Akaanza kumwonyesha muuzaji kwa kidole, amkatie ule wa tatu kutoka mlangoni. Nikamshika mkono nikamnong'oneza ni mnyama gani. Aliushusha mkono polepole, akajifanya alikuwa akionyesha saa ya ukutani. Tukala mkate na mayai, yeye kakaa kauelekezea mgongo ukuta ule wote.

Kwenye treni alikaa mbele yetu msichana wa Kimoroko aliyekuwa akisoma chuo. Kiarabu chake na chetu havikutani, ikabidi tuzungumze kile cha wasomaji habari wa televisheni, kila mtu mkavu na mwenye adabu. Akauliza twendako. Nikamwambia Jerez. Akasema Waarabu walipoutawala mji huo waliuita Sherish, na ngome yao ipo bado na msikiti ndani yake. Mama akafurahi, akasema tutaswali humo. Ndipo msichana akaongeza kuwa siku hizi mji unajulikana duniani kwa mvinyo. Ndio kazi yao, tangu zamani. Na sasa ni msimu wa kuchuma zabibu, tutauona mji wote unanuka.

Bi Thureya akaleta istighfari na kugeukia dirisha. Nje palikuwa na mashamba ya zabibu, mistari mistari, juu ya udongo mweupe kama chokaa.

"Farasi," akasema baada ya muda. "Mwanangu alifuata farasi."

Jerez, mji uliolala mchana

Tulifika baada ya adhuhuri na jua lilikuwa la Maskati hasa, la Juni. Nilifikiri mji umehamwa. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, michungwa imesimama barabarani peke yake. Dereva wa teksi akatushusha kwenye kijia cha mawe na kuondoka. Anwani tulikuwa nayo kwa sababu mama alimtumia Nassor kifurushi sikukuu ya Idi. Tukagonga, kimya. Tukagonga tena, mtu akafungua dirisha la juu, akatupa maneno, akalifunga. Baadaye nikajua watu wa huko wanalala mchana kama sisi tulivyokuwa tukilala zamani kabla ya viyoyozi, na kumgongea mtu saa hizo ni ufidhuli. Lakini mie nimetoka Mawaleh kutafuta mume. Niligonga kwa kiatu.

Aliyefungua ni bibi mmoja wa Kihispania, kavaa kanzu ya kulalia, jina lake Carmela. Nassor kapanga chumba kwake. Alikuja kugomba, hilo lilikuwa wazi, lakini akamwona Raya. Akatazama nyusi za mtoto, akatazama tena, akashika kifua. Nassor na Raya nyusi ni moja, zimekutana katikati. Akatuingiza ndani, akatupa maji, akamwambia Bi Thureya maneno mengi kwa lugha yake, na Bi Thureya akamjibu kwa Kiswahili kwamba ahsante, nyumba nzuri, ila ngazi hizi zitamuua. Walielewana tangu hapo. Mpaka leo sijui kwa njia gani.

Mie nilikuwa natafuta viatu vya kike. Nilitazama chini ya kitanda cha Nassor, nikatazama bafuni. Kitanda kimoja, mto mmoja, mswala, na shati lenye madoa ya kahawia yasiyotoka.

Nikauliza kwa mikono, yuko wapi? Bibi Carmela akavaa viatu, akatuongoza.

Kwenye lango la nyumba ya mvinyo

Ni ukuta mrefu mweupe, una madirisha juu kabisa yenye pazia za ukindu. Harufu ilitupokea kabla hatujafika, tamu na kali pamoja, kama tende zilizosahaulika kwenye gunia bichi. Langoni unaona ndani kuna giza, sakafu ni udongo wa manjano ulionyunyizwa maji, na mapipa meusi yamepangwa juu ya mapipa mpaka mbali. Bibi Carmela akaita jina, "Nasa", hivyo ndivyo wanavyomwita huko, kama mtoto wa mtaani kwao.

Akatoka.

Alikuwa kavaa mabuti ya mpira, kalowa mpaka kifuani, mikono imebadilika rangi. Kakonda. Akamwona mama yake, akaniona mie, akamwona Raya.

Maneno yote niliyoyapanga kutoka Maskati yalinipotea. Nikafanya kitu kimoja tu, nikamnyanyua mtoto kutoka kwenye kigari na kumpa. Nikamnyooshea, hivi, mikono yangu miwili mbele.

Nassor akarudi nyuma. Akaficha mikono mgongoni, akatikisa kichwa.

Raya miguu inaning'inia hewani baina yetu, na baba yake anarudi nyuma. Wafanyakazi wenzake wamesimama wanatazama. Nikasema, "Hata kumgusa, Nassor?" Nikamrudisha mtoto kwenye kigari nikaondoka. Mama akaniita, sikugeuka.

Ngomeni

Nilikokwenda sikukujua. Nilishuka njia zinazoshuka, nikapanda zinazopanda, magurudumu ya kigari yanaruka juu ya mawe, mtoto anacheka anadhani ni mchezo. Nilifika kwenye ile ngome aliyoisema Mmoroko, nikaingia kwa sababu ilikuwa na kivuli. Ule msikiti upo kweli. Ni chumba kidogo cha matofali, kina kuba na mihrabu, hamna mkeka, hamna kitu. Nikakaa chini nikamnyonyesha mtoto. Mlinzi akaja akasema kitu na kutikisa kidole, nadhani akifikiri nataka kuswali. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba sikuja kuswali, nimekuja kukataliwa. Akaona nanyonyesha, akaona haya, akageuka akasimama mlangoni, akiwazuia watalii wengine wasiingie mpaka nimalize. Katika watu wote wa safari ile, huyo ndiye ambaye sikumkasirikia.

Pale nilikwisha kuamua. Mwanamume anayemkana mtoto mwenye nyusi zake hana la kunieleza.

Niliporudi kwa Bibi Carmela nikakuta maji yanamwagika bafuni, yanamwagika na kumwagika. Bi Thureya kakaa jikoni, macho yamemvimba.

"Anajikosha," akanambia. "Tangu umeondoka. Nimemwambia khalas, basi, ngozi itamtoka, hasikii. Wewe ulidhani kamkataa mtoto?"

Nikasema nimeona kwa macho yangu.

"Umeona mtu kaloa pombe mwili mzima. Kazi yake kuosha matangi ya mvinyo, anaingia ndani. Kaniambia, mama, mara ya kwanza kumshika mwanangu, nimshike na najisi ile? Hajaionja, kaniapia. Mie mamake nimemnusa mdomo kama nilivyokuwa nikimnusa akiwa na miaka kumi na tano."

Mengine alinieleza vipande vipande. Farasi alimpiga teke, miezi michache tu baada ya kufika. Mkono wa kulia ulivunjika, na vidole viwili havikunjiki tena. Nyundo haishikiki. Mafunzo yakamwacha, zizi la Maskati likamwambia hawana kazi ya fundi wa mkono mmoja. Bibi Carmela akamtafutia kazi ile. Kwa hiyo kamera haikuharibika. Hakutaka tuuone mkono.

Nilisimama jikoni nikitafuta yule mwanamke niliyemchukia miezi yote, na hayupo. Mnadhani hasira zilishuka? Zilipanda. Mwanamke ningemwelewa.

Nassor akatoka bafuni, ngozi nyekundu, nywele zinadondoka maji, kavaa kanzu safi. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono. Nikampa mtoto. Raya akamshika ndevu, akamchunguza, akaamua hana neno naye. Nassor akalia bila sauti.

"Nilikuwa na najisi," akanambia. "Ungenielewa."

"Najisi inaoshwa kwa maji," nikamwambia. "Mwaka unauosha kwa kitu gani?"

Siku tulizokaa

Tulikaa mpaka mama magoti yakatulia. Nassor akatutembeza. Alitununulia samaki wadogo wa kukaanga ndani ya karatasi, na vitumbua vyembamba vya uduvi vinavyokatika mdomoni, na mama akasema bajia zetu zina jamaa huku. Kila tulipopita anaamkiwa. Muuza samaki anamtania, kinyozi anatoka nje, watoto wa jirani wanataka awabebe begani. Naye anawajibu kwa lugha yao, anacheka mpaka anainama. Mawaleh sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Ule mkono mbovu huko haufichi. Anaushikia glasi ya maji, anautumia kusema, hakuna anayeutazama.

Akikaa nasi peke yetu, unarudi mfukoni.

Nilimwambia, tena si mara moja, rudi nyumbani. Mkono si kitu, utafanya kazi nyengine, hata ukiuza tikiti maji sokoni mie nitapima. Ananijibu inshallah. Nikimbana, anasema nikirudi nitakuwa nani? Mtaa mzima wa Hamriya, kila duka nikiingia, wataniuliza farasi vipi. Hapa hakuna aliyenijua nilipokuwa mzima.

Nikamwambia mie nilikujua ulipokuwa mzima na nimekuja hivyo hivyo.

Asubuhi ya kuondoka

Treni ilikuwa ya mchana. Bi Thureya akapika kahawa yetu, kwa iliki na zaafarani, akatuketisha chumbani, mie, Nassor na Bibi Carmela. Tukanywa. Kisha akatoa chetezo kwenye sanduku lake, akaweka kaa aliloliwasha kwenye jiko la Bibi Carmela, akatia udi. Moshi ukapanda. Sikumwelekeza mie, alifanya mwenyewe.

Nyie hamna haja ya kuelezwa. Kwetu udi ukishazungushwa, mazungumzo yamekwisha, mgeni anajifukiza na kuinuka. Hata mtoto mdogo anajua. Alimpa kwanza Bibi Carmela, aliyeupokea kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Akanipa mie. Nikajifukiza mtandio, nikamfukiza Raya. Kisha akampa mwanawe.

Nassor akauweka chini ya ndevu, akafumba macho, akaushika muda mrefu. Sanduku lake lilikuwa juu ya kabati. Nililitazama. Sote tulilitazama. Halafu akarudisha chetezo kwa mama yake, akabaki kakaa.

Mie nikainuka. Bibi Carmela, kwa kuniona mimi, akainuka pia. Nassor kakaa.

"Nassor," mama akamwambia, "udi umekwisha pita."

Akajibu akitazama sakafu. "Mie si mgeni hapa, mama."

Kaa likapasuka ndani ya chetezo. Niseme kweli, pale ndipo hasira zilipotulia kwa mara ya kwanza tangu Mawaleh, kwa sababu nilikuwa nimejibiwa, na jibu halikuwa kheri.

"Basi mwenyeji," nikamwambia, "nipe neno langu mbele ya mama yako, halafu utusindikize wageni wako."

Aliomba nisubiri. Nikamwambia nimesubiri. Akamtazama mama yake amsaidie, na Bi Thureya akawa anafunga chetezo kwenye kitambaa, taratibu, kama hana kazi nyengine duniani. Akanipa talaka moja. Moja tu, sauti imekatika katikati. Kisha akabeba mizigo yetu kwa mkono wa kushoto mpaka stesheni, mtoto kambeba kwa ule wa kulia, na vidole vyake viwili vilivyokakamaa vilikuwa vimenyooka mgongoni kwa Raya. Alipompandisha kwenye treni akambusu nyusi. Bi Thureya hakumwambia kwaheri. Alimtengeneza kola ya kanzu, akapanda.

Nyumbani

Sasa niko kwenye eda, na eda nakaa hapa hapa kwa Bi Thureya, chumba kile kile. Msije na nyuso za msiba. Mkija leteni chakula. Talaka ni moja na Nassor anaweza kunirejea kabla eda haijaisha, hilo najua, wala hamna haja ya kunikumbusha kila mtu kwa ujumbe wake. Je, nataka? Kuna siku nataka. Kuna siku natamani farasi angempiga teke la pili.

Anapiga simu kila siku sasa, na kwa picha. Kamera imepona ghafla. Mie sipokei. Jana tulikuwa tunakula na ikalia, mama akapokea, akaiegemeza kwenye jagi la maji. Nassor akauliza Raya yuko wapi. Kalala. Akauliza mie niko wapi. Nilikuwa mkono mmoja kutoka pale, tonge mkononi.

"Anakula," Bi Thureya akamwambia. "Tunakula sote. Sahani yako nnaipakua ukishaingia mlangoni, mwanangu, siipakui kwenye simu."

Akaizima, akanisogezea bakuli la mchuzi.